Wentworth: siku ambayo karavani haivutwi

Ndugu zetu wengi wanaokodi karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, hapa Australia hupanga safari kwa kilomita. Leo Melbourne hadi Mildura, kesho Broken Hill, keshokutwa Adelaide. Wiki ikiisha mgongo unauma, hela ya mafuta imekwisha, na kilichoonekana zaidi ni matako ya malori. Ushauri wangu ni mmoja: katika kila safari tenga siku nzima ambayo karavani haivutwi, na siku hiyo mkae kwenye mji mdogo wa mtoni. Sisi tunapenda Wentworth, ndani ya jimbo la New South Wales, pale Mto Darling unapoingia Mto Murray.

Wentworth iko kiasi cha kilomita 30 kutoka Mildura, na watu huipita kwa sababu Mildura ndiyo yenye maduka makubwa. Sawa, fanyeni manunuzi Mildura. Kuna familia za Warundi na Wakongo waliohamia huko, na baadhi ya Warundi wanalima mahindi, kwa hiyo msishangae mkisikia Kiswahili kwenye foleni ya dukani. Mkishajaza friji, nendeni mkalale kwenye kambi ya karavani Wentworth.

Fikeni kabla ya saa tisa alasiri. Jua likianza kushuka kangaruu hutoka kando ya barabara, na gari lenye karavani nyuma halisimami ghafla. Pia mnahitaji mwanga wa kuegesha. Hili la kurudi nyuma ndilo linalowatisha watu kuliko yote, kumbe lina njia rahisi: shika usukani sehemu ya chini kabisa. Ukisogeza mkono kulia, nyuma ya karavani inakwenda kulia. Ukisogeza kushoto, inakwenda kushoto. Polepole, kidogo kidogo. Mtu mmoja ashuke asimame mahali dereva anapomwona kwenye kioo cha pembeni, na asipoonekana, dereva akanyage breki. Kwetu kazi hiyo ni ya mke wangu. "Baba Neema, simama! Nimesema simama!" Kambi nzima inasikia. Wastaafu wanaozunguka nchi na karavani zao huwa wamekaa nje kwenye viti, chai mkononi, wanaangalia. Msione aibu. Mara nyingi mmoja wao atainuka kuja kusaidia, na huyo ndiye wa kumuuliza habari zote za mji.

Halafu miti. Kando ya mto kuna mikaratusi mikubwa yenye vivuli vya kuvutia. Msiegeshe chini yake, hata jua liwake vipi. Miti hii huangusha matawi mazima bila upepo wala onyo, na tawi moja linatosha kuponda paa. Tafuteni nafasi ya wazi, kivuli mtakipata kwenye turubai la pembeni. Upepo ukianza, likunjeni mara moja. Wekeni vizuizi vya magurudumu kabla ya kuachanisha karavani na gari, na mpira wa maji ya kunywa usichanganywe kamwe na ule wa maji machafu. Kebo ya umeme ya kambi ni ya ampia 15, ile ya nyumbani haifai. Mengine mtajifunza mkiwa huko huko.

Asubuhi ya siku yenu, acheni gari. Nendeni kwa miguu hadi makutano ya mito, kuna bustani na mnara wa kupanda. Darling huja na maji yenye rangi ya chai ya maziwa, Murray ni wa kijani kilichokolea, na siku nyingine unaona kabisa mstari unaoyatenga maji hayo kabla hayajachanganyika. Wanangu walibishana pale muda mrefu mstari unaishia wapi. Tuliwaacha, hatukuwa na haraka ya kwenda popote.

Msidhani ni mandhari tu. Huo Darling, unaoitwa Baaka na Wabarkindji wenye asili ya eneo hilo, umeteseka. Juu zaidi, Menindee, samaki walikufa kwa wingi kiangazi cha kati ya 2018 na 2019, na Machi 2023 wakafa tena kwa mamilioni, maji yakiwa yamepungukiwa oksijeni. Ukitaka maongezi marefu na mtu wa huko, muulize tu nani anachota maji ya mto na kiasi gani. Jiandae kusikiliza.

Mjini kuna gereza la zamani la matofali, lililojengwa kati ya 1879 na 1881. Watu wazima watalipenda, watoto watataka kutoka haraka. Mimi naona bora Fotherby Park, ambako kuna Ruby, meli ya mvuke inayosukumwa na magurudumu ya makasia, iliyoundwa 1907, enzi ambazo sufu na mizigo vilisafiri kwa mito hii. Kinachonifurahisha zaidi ni mnara wa kumbukumbu ya trekta. Mwaka 1956 mafuriko makubwa yalipokuja, wakulima walitumia matrekta madogo ya kijivu ya Ferguson kujenga kingo za udongo kuuzunguka mji, na mji ukapona. Miji mingapi mnaijua iliyoliwekea trekta mnara badala ya jenerali? Umbali mfupi kutoka hapo kuna Lock 10, lango la kupandishia na kushushia vyombo mtoni. Boti ikipita wakati mko hapo, kaeni mwone maji yanavyojaa na kuiinua.

Saa kumi jioni ndipo mtumie gari, bila karavani, kwenda Perry Sandhills, kilomita chache nje ya mji. Ni vilima vya mchanga mwekundu vilivyotokeza ghafla katikati ya vichaka. Kuna mkaratusi mkubwa sana uliofukiwa na mchanga karibu wote, matawi yake yanatokea chini usawa wa miguu yako, mtoto anayakalia. Mchana wa joto msiende, mchanga unaunguza. Tena kuanzia Desemba hadi Februari joto la huko siku nyingine hupita nyuzi 40, kwa hiyo mimi husema Aprili au Mei, na mbebe blanketi, usiku ni baridi.

Jioni vaeni mikono mirefu na mpake dawa ya mbu. Hakuna malaria, lakini mbu wa Murray wana virusi vyao, vingine hushambulia ubongo. Na mtoto asiruhusiwe kuruka majini kwa kuwa tu maji yametulia. Chini kuna mashina ya miti, na mkondo hauonekani juu.

Kama mnaendelea Adelaide, usiku huo pikeni kila tunda lililobaki, au mlile. Barabarani, pale Yamba, kuna kituo cha ukaguzi cha kuzuia nzi wa matunda wasiingie jimbo la South Australia. Wanafungua friji ya karavani, wanaangalia. Machungwa, embe, nyanya, pilipili hoho, bilinganya, hata iwe moja iliyosahaulika chini ya kiti, haipiti, na faini yake ni kubwa. Mke wangu hupika mchuzi mzito wa nyanya usiku wa mwisho, anaugandisha, nasi tunapita.