Mashine ya kuvunjia zege inapotoa cheche
Ndugu, mashine ya kuvunjia zege inayotoa cheche nyingi na kupoteza nguvu, kama unavyoeleza, mara nyingi huwa imemaliza kaboni, yaani vile vipande viwili vidogo vinavyopitisha umeme hadi sehemu ya mota inayozunguka. Chomoa plagi kwanza, kwani kuzima swichi pekee hakutoshi, kisha fungua vifuniko viwili vya pembeni na ubadilishe kaboni zote mbili kwa pamoja. Futa vumbi kwenye mkia wa tindo na uupake grisi kidogo kabla ya kuuchomeka.

Unapofanya kazi, acha uzito wa mashine uvunje, maana kuikandamiza huchosha mikono na kuharakisha uchakavu. Waya wa ekstensheni ukunjue wote. Ukibaki umeviringwa hupata joto kiasi cha kuyeyusha ganda lake. Tafadhali, usiache barakoa na miwani.