Asiyeamini anaijua dini kuliko muumini? Inategemea umemuuliza nini

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lina vipande viwili: je, ni kweli wasioamini wanaijua dini kuliko waumini, na kama ni kweli, muumini ajiandae vipi akialikwa kwenye mdahalo nao? Naanza na takwimu, maana habari hii imezunguka miaka mingi na kila anayeipitisha kwa mwenzake huipunguza kidogo.

Chanzo chake ni utafiti wa mwaka 2010 wa Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani. Watu 3,412 nchini Marekani waliulizwa maswali 32 kuhusu dini mbalimbali. Wastani wa wote ulikuwa majibu 16 sahihi, nusu kamili. Wakana Mungu, wakijumlishwa na wale wasemao haijulikani kama Mungu yupo, walipata wastani wa 20.9. Wayahudi walipata 20.5, Wamormoni 20.3, Waprotestanti weupe wa kiinjili 17.6. Utafiti uliporudiwa mwaka 2019, kwa maswali mengine na watu 10,971, Wayahudi waliongoza kwa 18.7 na wakana Mungu wakafuata kwa 17.9, huku wastani wa wote ukiwa 14.2. Kwa hiyo kichwa cha habari hakikuwa uongo.

Kinachoachwa njiani ni mgawanyo wa maswali yenyewe. Katika maswali 12 ya mwaka 2010 yaliyohusu Ukristo na Biblia, walioongoza ni Wamormoni (7.9) na wainjili weupe (7.3), wakana Mungu walikuwa nyuma yao kwa 6.7. Walipowapita ni kwenye maswali 11 ya dini nyingine: Uislamu, Ubuddha, Uhindu, Uyahudi. Halafu kuna elimu. Waliomaliza chuo kikuu waliwazidi walioishia sekondari au chini yake kwa karibu maswali manane, pengo kubwa kuliko la muumini na asiyeamini. Hata hivyo tofauti haikufutika yote baada ya elimu kuzingatiwa, na muumini asijifariji kupita kiasi: asilimia 45 ya Wakatoliki wa Marekani hawakujua kwamba Kanisa lao linafundisha kuwa mkate na divai hugeuka kweli kuwa mwili na damu ya Kristo, na zaidi ya nusu ya Waprotestanti hawakumtambua Martin Luther kuwa ndiye ambaye maandishi yake yalianzisha Matengenezo ya Kanisa. Kutomjua Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi, kama walivyoshindwa wengi, kunasameheka. Kutojua Ekaristi ya kanisa lako mwenyewe ni jambo la kuongea na katekista.

Sasa tazama maswali yote 32 yalikuwa ya aina gani. Mengi yaliuliza dini fulani inasema nini, ilianza vipi, ina desturi gani, na machache yaliuliza sheria za Marekani zinasemaje kuhusu dini. Hakuna hata moja lililouliza kama inachosema ni kweli. Mtu anaweza kupata 32 kwa 32 bila kuamini jibu hata moja, na mwingine akapata 10 ilhali imani yake ni ya kweli tupu. Mdahalo wa muumini na mkana Mungu kwa kawaida ni wa swali la pili, na hapo ndipo waumini wa kwetu hukwama, kwa sababu mazoezi yetu yote ni ya swali la kwanza.

Nayasema haya nikifikiria mihadhara ya kulinganisha dini, iliyoshamiri Tanzania tangu miaka ya 1980, wakati jina la Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu wa Afrika Kusini, lilipokuwa kubwa. Mtindo wake tunaujua: meza, Biblia na Kurani juu yake, msomaji pembeni, na mzungumzaji anayempa sura na aya kisha anaamuru, "Soma!" Mtindo huo unafanya kazi kwa sababu pande zote mbili zinakubali kwamba Mungu yupo, kwamba alituma manabii na kwamba amesema. Kinachogombewa ni andiko lipi limebaki salama na linamaanisha nini. Mkana Mungu hakubali lolote kati ya hayo. Ukimsomea aya, aya hiyo inathibitisha kwamba kitabu kinasema hivyo, basi. Ndiyo maana wahubiri hodari wa viwanjani huonekana wageni kabisa siku wanapokaa na asiyeamini: wameleta silaha ambazo mwenzao hazimgusi.

Mfano ulio rahisi ni Zaburi 14:1, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Hutupwa mezani mapema, watu hupiga makofi, na mdahalo umekwisha kabla haujaanza. Aliyeitupa hajathibitisha kitu, na hajaisoma zaburi yenyewe hadi mstari wa 4, unaowataja wanaowala watu wa Mungu kama walavyo mkate. Waliolaumiwa pale ni wadhalimu.

Wasioamini nao wana kosa lao la kufanana na hili. Husoma Zaburi 137:9, mstari mgumu kuhusu watoto wa Babeli kusetwa mwambani, kisha wakaketi kana kwamba wamemaliza. Mstari ule ni kilio cha watu waliopelekwa utumwani. Hauamuru mtu afanye kitu. Na hata ungekuwa amri, ungesema jambo kuhusu Biblia. Usingesema lolote kuhusu kama ulimwengu una chanzo.

Basi hatua ya kwanza ni mada. Iandikwe kwa sentensi moja yenye kukubalika au kukataliwa, na aina yake ijulikane. "Dini na sayansi" si mada, ni kichwa cha maonyesho. "Zipo sababu za kutosha, zisizotegemea kitabu kitakatifu, za kuamini kwamba ulimwengu una Muumba" ni mada ya ukweli. "Biblia inaruhusu ndoa ya wake wengi" ni mada ya maandiko, na hapo hata mkana Mungu ana haki ya kufungua sura na aya. "Dini isifundishwe katika shule za serikali" ni mada ya jamii. Chagueni aina moja kwa kikao kimoja. Mada ya ukweli ikichanganywa na ya jamii, kila anayeshindwa kwenye moja atahamia nyingine, na msimamizi hatakuwa na kanuni ya kumzuia.

Mfano bora ninaoujua wa kuanza vizuri ni mdahalo wa redio ya BBC wa mwaka 1948 kati ya Frederick Copleston, padri Mjesuiti, na Bertrand Russell, mwanafalsafa. Kabla ya hoja yoyote Copleston alitaka wakubaliane neno "Mungu" lina maana gani: nafsi kuu, tofauti na ulimwengu, aliyeuumba ulimwengu. Russell akakubali. Kisha akamuuliza Russell kama yeye ni mkana Mungu au ni wa wale wasemao haijulikani, yaani kama anadai kwamba kutokuwapo kwa Mungu kunaweza kuthibitishwa. Russell akajibu kwamba hadai hivyo, yeye ni wa wasemao haijulikani. Maswali mawili tu, na msikilizaji akajua nani anadai nini. Wakaenda kwenye mambo matatu, kwa zamu: kwa nini kuna ulimwengu, uzoefu wa kidini, na maadili. Kwenye la kwanza walikwama, Russell akishikilia kwamba ulimwengu upo tu, basi. Lakini walikwama mahali panapoonekana, na msikilizaji aliona hasa ni wapi njia zao zinaachana. Huo ndio mdahalo uliofaulu.

Swali lile la pili la Copleston ndilo linalogawa jukumu la kuthibitisha. Asemaye "Mungu yupo" ana jukumu. Asemaye "Mungu hayupo" naye ana jukumu. Asemaye "sijashawishika" hana jukumu la kuthibitisha chochote, ila hana ruhusa ya kumaliza hotuba yake kwa kutangaza kwamba Mungu hayupo. Wengi huingia kwa mlango wa tatu na kutoka kwa wa pili. Msimamizi aliyeandika msimamo wa kila msemaji mwanzoni anaweza kumrudisha.

Maandalizi ya muumini yaanzie kwa wakubwa wake mwenyewe. Thomas Aquinas, mwanateolojia mkuu wa Kikatoliki, katika kitabu chake cha Summa, anapofika kwenye swali la kama Mungu yupo, haanzi na zile njia zake tano maarufu za kuthibitisha kwamba yupo. Anaanza na hoja mbili za kumpinga: kwamba uovu upo, na kwamba maumbile na akili ya binadamu vinatosha kueleza kila kitu. Hadi leo karibu kila hoja ya mkana Mungu ni tawi la mojawapo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikwenda mbali zaidi: aliandika kitabu kizima cha kueleza mafundisho ya wanafalsafa kabla ya kile cha kuwapinga, na akayaeleza vizuri kiasi kwamba wasomaji wa Kilatini huko Ulaya walimdhania ni mmoja wao. Zoezi linalotokana na hapo ni hili: andika hoja ya mpinzani kwa nusu ukurasa, mpe asiyeamini aisome, na usipande jukwaani mpaka akubali kwamba ndivyo angeisema yeye.

Chukua hoja ya uovu. Jibu linalotolewa haraka ni hiari ya binadamu. Jibu hilo lina nguvu kwa vita na wizi, lakini halifiki kwenye tetemeko la ardhi la Lisbon, Ureno, lililotokea tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani. Anayejibu kwa hiari tu ataulizwa kuhusu mtoto mwenye saratani na atabaki kutafuta maneno. Lazima awe na jibu la pili kwa maafa ya asili, au akiri wazi kwamba hapo imani yake inategemea tumaini na si hoja. Ungamo hilo halimshushi hata kidogo.

Au chukua kisa kinachosimuliwa madrasa, cha Imamu Abu Hanifa kuchelewa kwenye mjadala na mkana Mungu, akajitetea kwamba alisubiri mbao zijiunge zenyewe ziwe mashua ya kumvusha mto. Wasikilizaji hucheka, na hoja inaeleweka. Ila tangu Darwin alipochapisha kitabu chake cha mageuzi ya viumbe mwaka 1859, mpinzani ana jibu tayari: mashua haizai, viumbe huzaa, na mabadiliko madogo hurithiwa. Muumini asing'ang'anie mashua. Ahamie kwenye swali la Surat At-Tur aya ya 35, kama watu wameumbwa pasipo kitu chochote au wao ndio waumbaji. Mageuzi ya viumbe hayajibu kwa nini kuna kitu chochote kabisa. Mkana Mungu naye asidhani nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang) inalijibu, kwa kuwa nadharia hiyo inaeleza jinsi ulimwengu ulivyotanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa. Aliyeianzisha, Georges Lemaître, alikuwa padri wa Ubelgiji, na yeye mwenyewe hakutaka igeuzwe hoja ya kidini. Pande zote mbili humsahau.

Pale mada inapokuwa ya maandiko, kinachoharibu kikao mara nyingi ni namba. Kurani za Kiswahili za Waahmadiyya, ambazo tafsiri yao ilitoka 1953, huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, hivyo namba zao huzidi kwa moja zile za tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya 1969, isipokuwa katika Al-Fatiha na At-Tawba. Mtu akitaja aya na mwenzake asiikute, kelele za "muongo!" huanza bila sababu. Zaburi pia: Biblia za Kikatoliki za zamani zilifuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini, na Zaburi ya 23 humo ni ya 22. Ongezea vitabu 73 vya Wakatoliki dhidi ya 66 vya Waprotestanti, na utaona kwa nini toleo linapaswa kukubaliwa kwa maandishi wiki moja kabla. Kanuni moja zaidi: anayesoma mstari asome na mitatu kabla yake na mitatu baada yake. Inakula sekunde 40, na inaua nusu ya hila.

Muda. Kwa dakika 90 mgawanyo unaofaa ni huu: kila upande dakika 12 za kufungua, 8 za kujibu, 10 za kumhoji mwenzake, na 5 za kufunga, zinazobaki 20 ni za wasikilizaji, kwa maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi. Wakipewa kipaza sauti watahubiri. Kipindi cha kuhojiana ndicho chenye thamani kuliko vyote, na ndicho ambacho waandaaji hukifuta wakichelewa kuanza. Bora wafute hotuba za kufunga.

Jihadharini pia na mvua ya hoja. Duane Gish, Mmarekani aliyepinga nadharia ya mageuzi, alijulikana kwa kumwaga madai mengi kwa kasi kiasi kwamba mpinzani hakuweza kuyajibu yote. Dai hutamkwa kwa sekunde kumi, jibu lake huchukua dakika tatu. Wasioamini nao hutumia mbinu hiyo, hasa kwa orodha za "migongano" ya Biblia. Dawa yake ni kila msemaji kukabidhi hoja zake kuu, zisizozidi tatu, kabla ya kuanza, na msimamizi kukataa ya nne. Msimamizi ajue pia kwamba sheria za adhabu za Tanzania na Kenya zina kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, kwa hiyo kejeli kwa mitume au kwa vitabu isimamishwe palepale, haidhuru nani kaitoa.

La mwisho ni kura. Msipime kwa makofi, maana makofi huhesabu waliokuja na mabasi. Toronto, Novemba 2010, Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, na Christopher Hitchens, mwandishi mkana Mungu, walijadili kama dini ni nguvu ya mema duniani: Blair akikubali, Hitchens akikataa. Kabla ya mdahalo asilimia 22 walikubali, 57 walikataa, 21 hawakuwa na uamuzi. Baada yake 32 walikubali na 68 wakakataa. Ilitangazwa kuwa Hitchens kashinda, na kwa wingi wa kura alishinda. Lakini ongezeko lilikuwa 10 kwa mmoja na 11 kwa mwingine, karibu sawasawa. Hata hilo halitoshi, kwa sababu jumla haionyeshi nani alihama kutoka wapi: huenda kumi walivuka huku na kumi wakavuka kule, na hesabu ikabaki kama ilivyokuwa. Ili mjue, kila msikilizaji apewe karatasi yenye vipande viwili vilivyoandikwa namba ileile, cha kwanza kikusanywe mlangoni, cha pili mwishoni, na aliyerudisha kimoja tu asihesabiwe.