Maswali ya wasomaji: Hotuba huharibika kabla msemaji hajasimama

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini viongozi wetu wanasema sana na watu wanaondoka na kidogo? Tumezijibu chache. Baadhi tumezifupisha.

Mimi ni msaidizi wa diwani. Kwenye mikutano ya hadhara mheshimiwa hupewa dakika 15. Akimaliza kuwataja waliokaa meza kuu na kutoa shukrani, wananchi wameshaanza kuondoka. Nimshauri nini? – Msaidizi, Morogoro

Usianze na mheshimiwa, anza na mshereheshaji. Katika mikutano mingi wageni wale wale hutambulishwa na mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji, kisha kiongozi wa chama, kisha kila anayepewa maiki. Piga hesabu. Wageni 12, kila mmoja na cheo chake kirefu, ni sekunde 10 kwa mtu, yaani dakika 2 kwa mzunguko mmoja. Wasemaji wanne wakirudia orodha hiyo, dakika 8 zimeteketea na hakuna aliyesikia habari ya maji wala zahanati. Kubalianeni asubuhi, kabla viti havijapangwa, kwamba mshereheshaji atawatambulisha wote mara moja, na wengine watasema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. (Wapo wanaosema itifaki imezingatiwa, halafu wakaanza kuwataja watu mmoja mmoja. Hao wanahitaji kukumbushwa kwa karatasi ndogo.)

Salamu za dini na kiitikio cha chama viache. Havizidi dakika moja, na watu wanaitika. Mkutano unaamkia hapo.

Sasa zile dakika 15. Kwenye uwanja wa wazi, msemaji anayesikika vizuri hutoa kama maneno 100 kwa dakika, maana lazima asubiri spika zimalize na watu waitike. Kwa hiyo usimwandikie maneno 1,500, 1,100 yanatosha. Dakika zenyewe zigawe hivi: 1 ya salamu, 2 za jambo lenyewe, 7 za maelezo, 3 za kile anachowaomba wananchi wafanye, na 2 za akiba. Jambo lenyewe ni lile lililowatoa watu nyumbani. Kama ni kisima kilichokauka, neno "kisima" lisikike kabla ya sentensi ya tatu baada ya salamu. Katika zile dakika 7 aseme nini kimefanyika, nini kimekwama, nani anahusika na lini. Wengi hujaza nafasi hii kwa "tunaendelea na mchakato" na "jambo hili lipo mbioni". Mwananchi amekwisha kuyazoea maneno hayo, na akiyasikia anajua hakuna tarehe.

Wakati wa kampeni kuna tatizo la ziada. Kwa Tanzania, mikutano huruhusiwa kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, na msafara ukichelewa kituo cha kwanza, cha mwisho ndicho kinachoumia. Mheshimiwa anafika saa 11:50 akiwa na hotuba ya dakika 20, anaikimbiza, na hakuna kinachoshikika. Mwandalie hotuba ya vipimo vitatu: dakika 20, 8 na 3. Ile ya dakika 3 isiwe muhtasari wa mambo yote. Iwe jambo moja na ombi moja.

Baba yangu husema hakuna tena wasemaji kama Mwalimu Nyerere. Je, ni kweli, au ni wazee kusifia zamani tu? – Msomaji, Tabora

Kwa sehemu ni wazee kusifia zamani. Vipande vinavyorudiwa redioni vimechaguliwa. Hakuna anayerudia saa zilizochosha. Lakini kuna mambo ambayo Mwalimu aliyafanya kwa makusudi, na yanaweza kuchambuliwa.

Kwanza, alijenga hotuba juu ya swali. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 1995 pale Mbeya, akizungumzia wanaoutaka urais, aliuliza mtu anayekimbilia Ikulu anafuata nini huko. Swali la namna hiyo humlazimisha msikilizaji aanze kujijibu kimoyomoyo, na msemaji anapoleta jibu lake anamkuta mtu yupo macho. Viongozi wa leo nao huuliza, lakini wengi huuliza lile lisilo na kazi: "Mpo? Mnanisikia?"

Pili, alitumia taswira moja na kuishikilia. Mwaka huo huo, alipozungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam, aliifananisha nchi na nyumba iliyotikiswa ikaonyesha nyufa. Kisha kila hoja, ya Muungano, ya rushwa, ya ukabila, ya udini, akaipachika kwenye ufa wake. Hakuhama katikati kwenda kwenye jahazi wala mpira. Msikilizaji aliyepitwa na hoja ya pili aliweza kuingia kwenye ya tatu, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado imesimama pale pale.

Tatu, sentensi zenye umbo moja. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamevamia Kagera, alizungumza na wazee wa Dar es Salaam akasema kuna uwezo, kuna sababu na kuna nia ya kumpiga. Ni mambo matatu tu, kila moja kwa sentensi fupi yenye mjengo ule ule. Mtu asiye na kalamu anaweza kuyabeba hadi nyumbani na kuyasema kama yalivyosemwa. Lakini tusisahau kilichotangulia: kabla ya kufika hapo alikuwa ameeleza kilichotokea na kwa nini vita haikwepeki. Waigaji wake hukosea hapa. Wanachukua kicheko, sauti ya kupanda na kushuka, na maneno matatu ya mwisho, wakiacha maelezo yaliyoyafanya maneno hayo yawe mazito.

Wala mtindo wake si pekee. Benjamin Mkapa alizungumza na taifa kila mwisho wa mwezi kwa hotuba iliyoandikwa na kusomwa, na Jakaya Kikwete akaendelea na utaratibu huo. Hotuba yenye hoja ndefu za uchumi isemwe kutoka kwenye karatasi. Kiongozi anayeamua kuikariri ili aonekane hodari huishia kukosea tarakimu.

Ninaandika hotuba katika serikali ya kaunti. Gavana husoma Kiingereza kwa kujikokota, halafu hukunja karatasi na kuanza Kiswahili, na umati unaamka. Je, niache kuandika? – Mwandishi, Nakuru

Usiache; andika na ile sehemu ya pili. Desturi hii Kenya ni ya miaka mingi. Sikukuu za Madaraka na Jamhuri zimezoea kusikia rais akisoma Kiingereza, kisha akiweka karatasi kando na kuongea Kiswahili, na mara nyingi habari ya magazeti ya kesho yake hutoka kwenye sehemu hiyo isiyoandikwa. Uhai uko pale, na hatari iko pale pale. Maneno ya sehemu hiyo hayajapitiwa na mwanasheria wala mtu wa bajeti, kwa hiyo ndimo zinamochipuka ahadi zisizo na fedha na matusi kwa wapinzani. Mpe gavana kadi moja, si ukurasa: hoja tano, majina ya watu na vijiji yaliyohakikishwa, na kila ahadi na mpaka wake. "Barabara, kilomita 6, si zaidi."

Ukiandika hotuba nzima kwa Kiswahili, usiitafsiri kutoka Kiingereza. Keti na gavana, mwache aeleze jambo kwa maneno yake, mrekodi, kisha safisha. Tafsiri huzaa sentensi kama hii: "Barabara ambayo serikali ya kaunti, kwa kushirikiana na wadau mbalimbali, iliahidi kuikarabati mwaka jana, itakamilika." Kufikia "itakamilika" msomaji ameshasahau ni kitu gani kinachokamilika, na hapo ndipo ngeli zinapomponyoka. Sema: "Mwaka jana tuliahidi kukarabati barabara hii. Itakamilika Machi." Kiima kikikaa karibu na kitenzi chake, hata asiye fundi wa ngeli hakosei.

Kuna zoezi zuri linaloweza kuazimwa bungeni. Kanuni za Bunge la Taifa la Kenya zinataka mbunge anayeanza kuchangia kwa lugha moja amalize kwa lugha hiyo hiyo. Mwekee gavana sharti hilo kwa dakika 5 ofisini. Kila anapokwama na kutaka kurukia Kiingereza, andika neno lililomkwamisha. Baada ya wiki mbili utakuwa na orodha fupi ya msamiati anaouhitaji, na pengine utagundua kwamba tatizo lilikuwa maneno machache tu ya afya na fedha.

Bosi wangu ni mbunge. Akitaja takwimu, watu wanapiga makofi lakini hakuna anayekumbuka. – Dodoma

Wanapigia makofi ukubwa wa neno "trilioni". Tarakimu isiyogawanywa haina maana kwa mtu aliyesimama juani. Chukua bajeti ya Tanzania ya mwaka 2023/24, shilingi trilioni 44.39. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Gawanya: ni karibu shilingi 719,000 kwa kila mtu kwa mwaka, au chini kidogo ya shilingi 2,000 kwa siku. Hapo mama wa sokoni anaweza kuuliza swali la maana: katika hizo 2,000, ya zahanati ni ngapi?

Tarakimu tatu kwa hotuba moja zinatosha. Kwenye karatasi ziandikwe kwa maneno na zikadiriwe: "karibu trilioni arobaini na nne na nusu", si "44.39". Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16 au 18, upande mmoja wa karatasi, na namba ya ukurasa juu. Sentensi isivuke ukurasa. Usibane kwa pini. Upepo ukiipiga karatasi iliyobanwa, zinafunuka zote.

Maiki inapiga mluzi kila mheshimiwa akiishika. Wananilaumu mimi. – Fundi mitambo, Mwanza

Mtazame anavyoishika. Wengi hufumbata kichwa cha maiki kwa kiganja. Hapo maiki inaanza kunasa sauti kutoka pande zote, zikiwemo spika, nayo inalia. Aishike katikati ya mpini, kiasi cha sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, kwa pembe kidogo ili "p" na "b" zisipige kama ngumi. Spika ziwe mbele yake. Akizipita kwenda kuwasalimia watu, punguza sauti kabla hajafika. Akiinua sauti kwa hamasa, usiongeze kwenye miksa. Shusha kidogo.

Jambo la pili ni spika za tarumbeta zilizofungwa mbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 70 kutoka nyingine humfikishia aliye karibu na moja neno lile lile mara mbili, kwa tofauti ya sekunde 0.2. Huo ni muda wa silabi nzima. Kama huna kifaa cha kuchelewesha, zipange karibu na jukwaa zikielekea upande mmoja, na mwombe msemaji atue mwishoni mwa kila sentensi.

Sauti ya mgombea wetu hukauka siku ya tatu ya kampeni. Tangawizi inasaidia? – Lindi

Inafariji koo, haiponyi nyuzi za sauti. Maji mara kwa mara kutwa nzima, si chupa moja jukwaani. Asinong'one akiwa amekaukiwa, maana kunong'ona kunaweza kuzichosha zaidi. Garini asipige simu wala asishindane na muziki wa msafara. Kiitikio aachiwe mshereheshaji. Ukwaruzo ukipita wiki mbili, aende akapimwe na daktari wa koo, hata kama kura bado hazijapigwa.