Vitabu visiishie kabatini

SWALI: Nilihitimu Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na sasa nipo kazini mjini. Nataka kuisaidia shule ya msingi niliyosoma huku Uru. Nimekusanya vitabu 120 na nina Jumamosi mbili kwa mwezi. Walionitangulia walileta vitabu, viko kabatini hadi leo. Nianzie wapi?
Mhitimu, Uru

JIBU: Hongera, dada. Peleka barua fupi kwa mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu Kata, kisha omba dakika kumi kwenye kikao cha kamati ya shule. Hapo uliza ufunguo wa kabati unakaa kwa nani. Mara nyingi mkwamo huanzia hapo: kitabu kikishaingia kwenye orodha ya mali, mwalimu anajua kikipotea ataulizwa yeye, basi anafunga. Muhtasari wa kikao uandike wazi kwamba vitabu hivi ni vya kuazimwa, na kwamba kuchakaa au kupotea hakumgeuki mwalimu.

Sasa vichambue. Mpe mtoto wa darasa la nne ukurasa mmoja asome kwa sauti, akunje kidole kila neno linapomshinda. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu kimemzidi. Vya msaada vya Kiingereza vingi vitaangukia hapo. Viweke kando bila kuona haya. Heri vitabu 40 vinavyosomeka, na baadhi viwe nakala tano tano za kitabu kimoja, ili kundi la watoto watano lisome pamoja, kila mmoja na chake mkononi.

Mgongo uliolegea usiuzungushie selotepu. Hukauka, ikabanduka na karatasi. Paka gundi nyeupe ya seremala, bandika kipande cha kitambaa cha pamba, laza chini ya tofali usiku kucha. Ndipo ujalidi kwa nailoni na kuandika namba.

Rafu iache sentimita 10 kutoka ukutani, miguu juu ya matofali. Wakati wa masika kuta za huku mlimani hutoka jasho, na kitabu kinachozigusa huota ukungu.

Jumamosi usiwaite saa 2. Asubuhi watoto wanakata majani ya ng'ombe. Saa 4 hadi saa 6 inafaa. Wasabato hawatakuja siku hiyo, na wewe hupo siku za kazi, kwa hiyo uazimishaji wa katikati ya wiki wakabidhi wanafunzi wawili wa darasa la tano na wawili wa sita. La saba usiwape: Septemba wanafanya mtihani wa taifa na kuondoka. Wape kaunta buku moja yenye tarehe, jina, darasa, namba ya kitabu na siku ya kurudisha.

SWALI: Maktaba yetu ya mtaa inapoteza vitabu. Tutoze faini?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Hapana. Mtoto akisikia faini, aliyekichana kitabu atakificha, na mwenzake hataazima kabisa. Azimisheni kimoja kimoja kwa siku saba, na aliyekiharibu aje akitengeneze kwa gundi hapo hapo maktaba. Siku ya kurudisha iwe ileile kila wiki. Ikibadilikabadilika, hata mzazi mwenye nia njema atasahau.