Aspartamu na saratani: piga hesabu kwa kilo zako

Umeuliza kama soda isiyo na sukari inaleta saratani. Hofu ilivuma Julai 2023, IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, ilipoiweka aspartamu, kiongeza utamu cha soda hizo, kundi 2B, yaani "huenda" inaleta saratani. Kundi hilo linapima uzito wa ushahidi tu, halisemi kiasi gani kinadhuru. Dondoo la jani zima la mshubiri nalo limo humo. Mwezi uleule JECFA, kamati ya FAO na WHO, iliacha kikomo palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kopo moja la soda huwa na miligramu 200 hadi 300, hivyo mtu wa kilo 70 anahitaji makopo 9 hadi 14 kukifikia. Mtoto wa kilo 20? Makopo matatu ya miligramu 300 yameshampitisha kikomo, na hapo ndipo mimi ningekaza.

Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kuvunja fenilalanini, aiache kabisa, maana aspartamu ina fenilalanini hiyo. Kwenye chai, itie kikombeni, usichemshe nayo sufuriani: moto mwingi unaivunja na utamu unapotea. Na kama lengo ni kupungua uzito, WHO Mei 2023 ilishauri usiitegemee.