Usiiwashe Kwanza: Kutafuta Hitilafu kwenye Kompyuta za Nyumbani za Miaka ya 1980

Ukipata kompyuta ya nyumbani iliyokaa kabatini miaka 30, mkono huenda wenyewe kwenye swichi. Uzuie. Mashine inaweza kuwa nzima mpaka sekunde ile unapoichomeka kwenye adapta yake ya asili, na chipu za RAM (kumbukumbu ya muda) zilizosalimika miaka yote hiyo zikaungua kabla picha haijatokea. Wageni wengi wa kazi hii hukimbilia chipu kwa sababu ndizo zinazotajwa sana. Wewe anza na umeme, kisha viungio, kisha mapigo ya saketi. Chipu zije mwisho.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: mita ya dijitali, bisibisi, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, brashi laini, pasi ya kulehemu inayopangwa joto na pampu ya kunyonya risasi. Ongeza mchoro wa saketi wa toleo lile lile la bodi uliyonayo, kwa maana Commodore 64 peke yake ilitoka na bodi za matoleo kadhaa na mpangilio wa chipu haufanani. Piga picha kabla ya kuchomoa chochote.

Adapta

Commodore 64 ndiyo shule nzuri ya somo hili. Adapta yake hutoa umeme wa aina mbili kupitia plagi ya pini saba: volti 5 za DC kati ya pini ya 5 na ya 2, na volti 9 za AC kati ya pini ya 6 na ya 7. Zile volti 5 hudhibitiwa na rejuleta iliyozamishwa ndani ya gundi ngumu, mahali ambapo joto halina pa kutokea. Rejuleta huchoka, na ikifa kwa shoti huachia umeme mbichi upite moja kwa moja hadi kwenye bodi. RAM ndizo hutangulia kuungua.

Pima adapta ikiwa haijachomekwa kwenye mashine. Volti 5 zisizidi 5.25 wala zisipungue 4.75. Kipimo cha bila mzigo hakitoshi, kwa hiyo unganisha resista ya ohm 4.7 yenye uwezo wa wati 10 kati ya pini ya 5 na ya 2. Itavuta ampea 1 na kidogo, na itatoa joto la wati 5 hivi, basi iweke juu ya kigae mbali na plastiki. Iache dakika 20 huku ukitazama mita. Adapta ambayo volti zake zinapanda kadiri inavyopata joto, usiichomeke tena kwenye kompyuta yoyote. Hata iliyofaulu leo haikupi dhamana ya kesho. Tumia adapta mpya iliyoundwa kwa mashine hii, au weka katikati saketi ya kinga inayokata umeme volti zikizidi. Baadhi ya adapta za Atari 800XL zimejazwa gundi vilevile na zina ugonjwa huo huo. Nazo zipime kabla ya kuziamini.

Ukihamia kwenye ZX Spectrum, mita itakuambia jambo jingine, na hapa wengi hukosea. Adapta yake imeandikwa volti 9, lakini bila mzigo unaweza kusoma 12 au hata zaidi. Hiyo ni kawaida, kwa sababu haina rejuleta. Kazi hiyo hufanywa na rejuleta ya 7805 iliyo ndani ya mashine. Hatari ya Spectrum iko kwenye upande wa umeme: katikati ya plagi ni hasi. Adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati. Plagi itaingia vizuri kabisa na bodi itaharibika.

Kwa mashine zenye kibadili umeme ndani yake, kama BBC Micro na Apple II, tafuta kapasita za kichujio zenye ganda la rangi ya asali linaloonyesha karatasi ndani, zilizoandikwa RIFA. Ganda hupasuka, unyevu huingia kwenye karatasi, na ukiwasha hulipuka kwa moshi mzito unaonuka. Moshi wenyewe hauui bodi, ila badilisha kabla: weka kapasita ya daraja la X2, thamani ileile, ya volti 275 za AC. Chomoa waya wa ukutani na subiri kabla ya kugusa ndani, maana kapasita kubwa hubaki na chaji. Mashine zenye tyubu ya picha ndani, kama Commodore PET na Macintosh za mwanzo, hubeba maelfu ya volti. Usizifungue mpaka mtu anayejua akuonyeshe kwa macho namna ya kuzitoa chaji.

Viungio, betri na uvujaji

Umeme ukiwa sawa, bado usikimbilie chipu. Kwenye Commodore 64 za mwanzo, taa nyekundu hutumia volti 5, lakini chipu ya picha inahitaji volti 12 zinazotengenezwa kutoka kwenye zile 9 za AC. Fyuzi ndogo ya ampea 1.5 iliyo kwenye bodi ikikatika, taa itawaka vizuri na skrini itabaki tupu. Watu wameng'oa chipu za picha bure kwa ajili ya fyuzi hiyo. Ipime kwa mlio wa mita: mita ikilia, fyuzi ni nzima.

Kisha ondoa chipu zilizo kwenye soketi, moja moja. Ingiza bisibisi bapa chini ya ncha moja, inua kidogo, hamia ncha ya pili, inua kidogo, mpaka itoke ikiwa sambamba. Ukiinua upande mmoja tu utapinda miguu, na mguu uliopindwa mara mbili hukatika. Futa miguu kwa spiriti, rudisha chipu ukitazama pengo la nusu duara lielekee upande uleule. Kutu nyembamba kwenye soketi peke yake inatosha kuifanya mashine iwake mara moja na igome mara tatu.

Betri ni adui mwingine. Amiga 500 Plus na Amiga 2000 zina betri ya kuchajiwa ya nikeli na kadmiamu iliyolehemiwa kwenye bodi, na ikivuja hula njia za shaba. Iondoe hata ikionekana safi. Uvujaji wake ni wa alkali, kwa hiyo sugua kwa siki nyeupe, suuza kwa maji safi, kausha, malizia kwa spiriti. Kisha pima mlio wa kila njia iliyopita eneo lile, kwa sababu njia inaweza kuonekana nzima huku imekatika chini ya rangi ya kijani. Amiga 600 na 1200 hazina betri hiyo, ila kapasita zake ndogo za kubandikwa juu ya bodi huvuja. Harufu ya samaki wakati pasi inapozigusa ni ishara kwamba zimeanza zamani.

Kusoma skrini

Mashine isiyowaka vizuri mara nyingi hukuambia ugonjwa wake, mradi ujue kutazama. Amiga husema kwa rangi: skrini nyekundu ni ROM (chipu ya programu ya kudumu), kijani ni RAM ya chipu, bluu ni chipu maalumu, njano ni kosa ambalo prosesa imelikuta kabla mfumo haujawa tayari kulishughulikia. BBC Micro husema kwa sauti: ikiwa nzima hutoa mlio wa kwanza wa chini kisha wa juu mfupi, ule wa kwanza ukiendelea bila kukoma, prosesa haijafika mbali.

Spectrum huonyesha zaidi ya zote. RAM yake ya chini ya kilobaiti 16 ni chipu nane za 4116, kila moja ikibeba biti moja ya kila baiti, na picha nzima iko ndani ya eneo hilo. Chipu moja ikifa, biti moja hukwama, nayo huonekana kama mistari myembamba ya wima, mmoja katika kila nukta nane. Sogeza jicho karibu na kioo. Chagua herufi moja, hesabu nukta kutoka kushoto: ya kwanza ni biti ya 7, ya mwisho ni biti ya 0. Mstari ukiwa kwenye nukta ya tatu, biti ya 5 ndiyo mgonjwa, na mchoro utakuonyesha chipu yake. Umepata jibu bila kulehemu kitu.

Lakini kabla ya kuibadilisha, pima umeme wa zile 4116 kwenye miguu yake: mguu wa 1 uwe na volti 5 hasi, wa 8 volti 12, wa 9 volti 5, na wa 16 ni ardhi. Zile hasi zikikosekana, zima mara moja, kwa maana 4116 ikikaa na volti 12 bila zile hasi hufa. Chanzo cha kawaida ni transista TR4 ya aina ya ZTX650, ambayo mara nyingi huungua mtu anapochomoa kifaa kilichochomekwa nyuma mashine ikiwa inawaka. Usiweke TR4 mpya kabla ya kupima ukinzani kati ya njia ya volti 12 na ardhi. Kukiwa na shoti, kuna RAM iliyoungua inayovuta umeme wote, na transista mpya itakwenda njia ileile.

Kwa Commodore 64 yenye skrini nyeusi, katriji ya majaribio iitwayo Dead Test hupepesa skrini, na idadi ya mipepeso inataja chipu ya RAM iliyokufa. Ukikosa katriji, gusa kwa kidole baada ya dakika mbili: chipu ya RAM ya 4164 inayounguza kuliko wenzake ina shaka. PLA, chipu inayochagua kumbukumbu ipi isomwe, huwa ya moto hata ikiwa nzima, kwa hiyo joto lake peke yake si ushahidi. Ukiona maandishi ya 38911 BASIC BYTES FREE lakini kishale hakipepesi, tazama chipu ya CIA ya kwanza, kwani ndiyo inayopiga mapigo yanayokipepesa na kusoma kibodi. CIA zote mbili ni 6526. Zikiwa kwenye soketi, badilishana nafasi zake uone kama dalili itahama.

Mashine ikiwa kimya kabisa, rudi kwa prosesa. Kwenye prosesa ya Z80 mguu wa 26 ni riseti (wa kuianzisha upya), kwenye 6502 ni wa 40. Volti za mguu huo zianze chini ukiwasha, kisha zipande zibaki juu. Zikikwama chini, prosesa haina kosa, imezuiwa. Mapigo ya saa yako mguu wa 6 kwa Z80 na wa 37 kwa 6502, na hapo utahitaji osiloskopu au kalamu ya kupimia mapigo.

Ukiamua kung'oa chipu ya 4164 uliyothibitisha kuwa imekufa, usihangaike kuiokoa. Kata miguu yote kwa koleo ndogo, toa mguu mmoja mmoja kwa pasi ya nyuzi 350 hivi, ongeza risasi mpya kidogo pale ya zamani isipoyeyuka. Bodi ni ya thamani kuliko chipu, na njia ya shaba ikibanduka itakulazimu kuunga waya. Weka soketi.

Programu inapogoma

Hapa kwanza hakikisha mashine ndiyo unayodhani. Kwenye Spectrum andika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733; ukipata 65535 una kilobaiti 48 zinazofanya kazi, ukipata 32767 mashine inaona 16 tu, na mchezo wa 48 hautafunguka hata ukaupakia mara mia. Michezo mingi ya Amiga 500 iliandikwa kwa Kickstart 1.3 (programu ya kuanzia iliyo kwenye ROM ya Amiga) na mingine hugoma kwenye 2.04 ya Amiga 500 Plus. Programu za Commodore zilizopimwa kwa mfumo wa picha wa PAL wa mara 50 kwa sekunde zinaweza kuvurugika kwenye NTSC ya mara 60.

Ukipakia kwa sauti kutoka kwenye simu, tumia faili la WAV, zima madoido yote ya sauti, zima arifa, tumia chaneli moja tu, panda hadi karibu na sauti ya mwisho. Tazama pembezoni mwa skrini ya Spectrum: nyekundu na samawati ikipepesa polepole maana yake haijasikia kitu, mistari thabiti ya rangi hizo ni utangulizi, bluu na njano nyembamba ni data. Ikiishia kwenye utangulizi, rekebisha sauti. Kwa kaseti halisi, safisha hedi (kichwa cha kusomea) kwanza. Skrubu ya hedi iguswe baadaye, baada ya kuweka alama ilipokuwa, robo mzunguko kwa robo, ukisikiliza mlio uwe mkali kadiri unavyowezekana.

Draivu ya diski ya 1541 ya Commodore ikipepesa taa, iulize. Andika 10 OPEN 15,8,15:INPUT#15,A,B$,C,D:PRINT A;B$;C;D:CLOSE 15 kisha RUN; bila namba ya mstari INPUT# haikubaliwi. 62 ni faili halipo, 74 draivu haiko tayari, 21 haikuona alama ya mwanzo kwenye diski. Namba mbili za mwisho ni traki na sekta, nazo zina thamani kuliko kosa lenyewe. Traki ileile kila mara: diski imeumia. Traki tofauti kila jaribio: hedi ni chafu, ifute kwa pamba yenye spiriti. Draivu inayosoma diski ilizoandika yenyewe lakini inagoma za wengine, hedi yake imehama mahali pake. Usiirekebishe kabla hujanakili kila diski iliyoandikwa kwa draivu hiyo, kwa sababu hedi ikirudi mahali pake huenda diski hizo zisisomeke tena.