Bima imelipa senti tu kwa sindano ya Depo: kagua yuniti

Dada, pole. Nimekuelewa: kliniki yenu ya Minnesota ilichoma Depo-Provera (sindano ya kuzuia mimba) ya miligramu 150, mkadai kwa J1050, msimbo wa dawa hiyo, bima ikalipa senti chache. Kabla hujawapigia bima, fungua dai uangalie sehemu ya yuniti. Nadhani mmeandika 1. J1050 huhesabiwa kwa kila miligramu, kwa hiyo sindano hiyo ni yuniti 150 (ile ya chini ya ngozi ni 104). Mtu huona kichupa kimoja, anaandika moja, na mfumo hausemi kitu.

Hapohapo pitia NDC, yaani namba ya utambulisho wa dawa: tarakimu 11 bila vistari, itanguliwe na N4. Hapo kipimo ni mililita, hivyo ML1 (mililita 1), si 150. Wengi huchanganya hizi mbili.

Msimbo wa kuchoma kwenyewe ni 96372. Msimbo wa sababu ya huduma ni Z30.013 kwa anayeanza, Z30.42 kwa anayeendelea.

Usitume dai jipya. Litarudishwa kama nakala. Tuma la marekebisho, lenye msimbo 7 (maana yake linachukua nafasi ya dai lililotangulia) na namba ya dai la awali, kabla muda wa bima kupokea haujapita.

Lakini kama dawa ililetwa na famasi iliyokwisha kuilipisha bima ya mgonjwa, msidai J1050 kabisa, 96372 pekee. Kulipisha dawa ambayo kliniki haikuinunua kunaweza kuhesabiwa udanganyifu. Ukigundua mmeshafanya hivyo, mpelekee msimamizi wako au mwanasheria kabla hujarekebisha chochote.